Sakafu Inabeba Mzigo Mara Mbili, Mbona Mashine Inaikataa?

"Nilimaliza chuo miaka miwili iliyopita na ninafanya kazi katika ofisi ndogo ya wahandisi hapa Nakuru. Tumepewa kazi ya kiwanda cha kukereza vipuri kwa mashine zinazoongozwa na kompyuta. Orofa ya kwanza itakuwa na chumba cha mashine ya kupimia vipuri hivyo. Nimekagua sakafu kwa mzigo na inabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wa mashine. Sasa mtengenezaji ametuma karatasi inayosema mtetemo wa sakafu usizidi maikromita 25 kwa sekunde. Chuoni hatukufundishwa hayo. Bosi ameniambia niongeze milimita 50 za zege tumalize. Mihimili ni ya chuma, nguzo ziko mita 8 kutoka moja hadi nyingine, slabu ina unene wa milimita 150, na kontrakta anataka kumwaga zege wiki tatu zijazo. Je, kuongeza unene kunatosha? Na nikianza kuulizauliza, sitaonekana kwamba kazi imenishinda?"

Injinia mwenzangu, nimefurahi umeandika kabla zege halijamwagwa. Wiki tatu si nyingi, lakini zinatosha kubadilisha mchoro, na mchoro ni rahisi kubadilisha kuliko sakafu. Naona hofu mbili katika barua yako, moja ya sakafu na nyingine ya heshima yako kazini. Nianze na sakafu, maana ukishaielewa utajua pia la kumwambia bosi wako.

Hesabu uliyoifanya ni sahihi na ilikuwa lazima uifanye. Ila imekuambia kwamba sakafu haitavunjika, na mtengenezaji hakuuliza hilo. Fikiria ubao wa kuvukia mtaro. Unakubeba wewe na gunia la viazi vya Molo mgongoni bila hata kulia, lakini kila ukikanyaga unanepa. Nguvu inao. Ukakamavu hauna. Sasa simama katikati ya ubao huo ujaribu kutia uzi kwenye tundu la sindano huku mwenzako anavuka. Mashine ya kupimia ndiyo inayotia uzi. Ncha yake inagusa kipuri na kusoma tofauti za maikromita chache (maikromita moja ni sehemu moja kwa elfu ya milimita), na sakafu ikicheza wakati inasoma, kipuri kizuri kitatupwa na kibovu kitapelekwa kwa mteja.

Hiyo namba ya 25 nayo uipe uzito wake. Mtu aliyesimama kimya huanza kuhisi sakafu inatetemeka inapokaribia maikromita 100 kwa sekunde. Sakafu ya ofisi hukubalika hata ikifika 400, na ya karakana 800. Kwa hiyo umeombwa sakafu iliyotulia mara nne zaidi ya kile ambacho miguu yako inaweza kugundua. Yeyote atakayekwenda saitini, akanyage, aseme "hii imetulia, sijasikia kitu," hajakuambia lolote kuhusu mashine hii. Katika vipimo vinavyotumiwa duniani kwa vyumba vya mashine nyeti, 25 ni daraja linaloitwa VC-B. Juu yake kuna VC-A yenye 50, na chini kuna VC-C yenye 12.5, kisha madaraja makali zaidi kwa viwanda vya chipu za kompyuta. Kazi yako haiko kwenye ukali wa mwisho, lakini imeshatoka kwenye ujenzi wa kawaida.

Sasa tuingie ndani ya sakafu yenyewe. Kila sakafu ina mwendo wake wa asili, idadi ya mara inayopanda na kushuka kwa sekunde ukiigonga na kuiacha. Idadi hiyo tunaihesabu kwa hezi. Kuna njia ya haraka ambayo kila mhandisi wa majengo anafaa kuwa nayo kichwani: tafuta mnepo wa mhimili chini ya uzito wa kudumu, kwa milimita, tafuta kipeuo chake cha pili (namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata mnepo huo), kisha gawa 18 kwa jibu hilo. Mhimili ukinepa milimita 9, kipeuo chake ni 3, na 18 kwa 3 ni hezi 6. Usisahau kujumlisha mnepo wa mhimili mkuu unaobeba mihimili midogo. Vijana wengi huuacha, na jibu linatoka zuri kuliko hali ilivyo.

Hezi 6 ni mahali pabaya. Mtu akitembea kawaida hupiga hatua karibu mbili kwa sekunde, na kila hatua, mbali na pigo lake kubwa, ina mapigo madogo ndani yake: mara mbili ya mwendo huo, mara tatu, hata mara nne. Mara tatu ya mbili ni sita. Umewahi kumwona mtu aliyebeba ndoo ya maji kichwani? Kuna mwendo mmoja ambao maji huanza kuruka na kumwagika, na akibadilisha hatua kidogo tu yanatulia. Maji hayakuongezeka wala hayakupungua, ila hatua zilikuwa zimeoana na mwendo wa maji. Sakafu ya hezi 6 na mkaguzi anayetembea kuelekea mashine wanaoana hivyo hivyo. Akina mama walijua kuweka tawi la majani juu ya maji ili yasiruke, na tawi lile linafanya kazi tunayoiita ufifishaji. Sakafu tupu ya chuma na zege ina ufifishaji mdogo sana, asilimia 1 hadi 3. Kwa asilimia 2, msukumo unaooana na sakafu unaweza kukuzwa hadi mara 25. Ndiyo maana hatua za mtu mmoja wa kilo 70 zinaweza kuiharibia kazi mashine ya tani kadhaa.

Hapo ndipo ushauri wa bosi wako unapohitaji kupimwa. Zege la milimita 50 juu ya 150 ni theluthi moja ya uzito zaidi. Tuchukue kwamba karibu uzito wote wa kudumu ni wa slabu, na kwamba zege hilo jipya limekaa tu juu bila kushikana vizuri na lililo chini. Mnepo wa milimita 9 unakuwa 12, na hezi 6 zinashuka kuwa kama 5.2. Umetumia pesa na saruji kuifanya sakafu ilegee zaidi, na hujatoka kwenye mapigo ya miguu. Zege likimwagwa mara moja na kushikana vizuri na mihimili, ukakamavu nao unapanda, basi hasara inafutika na pengine utapata faida kidogo. Tena uzito wenyewe una msaada wake, kwa sababu kitu kizito husukumwa kwa shida. Sisemi bosi amekosea kabisa. Nasema milimita 50 hazitakupeleka unakotaka kufika, na ukitaka kuzitumia, ziingie kwenye hesabu kwanza.

Kwa chumba cha namna hii, lengo la kwanza ni kuipandisha sakafu juu ya hezi 10, ambako mapigo ya hatua hayaifikii tena kwa kuoana. Njia yenye nguvu kuliko zote ni kupunguza urefu. Mnepo hufuata urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, kwa hiyo ukiweka nguzo katikati ya mita 8, kila upande ukabaki na mita 4, hezi zinapanda mara nne. Sita zinakuwa 24. Hakuna unene wa zege utakaokupa hilo.

Lakini usishangilie bado. Kiwanda chochote Nakuru kina jenereta, maana stima hupotea, na jenereta nyingi hapa huzunguka mara 1500 kwa dakika ili kutoa umeme wa hezi 50. Mara 1500 kwa dakika ni 25 kwa sekunde. Umeitoa sakafu yako kwenye miguu ya watu ukaiweka mlangoni kwa jenereta. Na nguzo mpya imesimama juu ya sakafu ya chini, kwa hiyo inachukua mtikisiko wa mashine za kukereza na kuupandisha moja kwa moja chini ya mashine ya kupimia. Hii haimaanishi uiache nguzo. Pengine uisogeze au ubadilishe mhimili ili ufike 16 au zaidi ya 32, na uisimamishe kwenye msingi wake, mbali na slabu ya karakana. Kanuni tunayoishika ni kukaa angalau asilimia 20 hadi 30 mbali na mwendo wa mashine yoyote inayozunguka karibu.

Nikueleze nilichokiona Kisumu, kwa sababu kitakufaa zaidi ya hesabu yangu. Niliitwa kwenye kiwanda kimoja ambacho mizani ya maabara, orofani, ilikataa kutulia kwenye tarakimu ya mwisho. Walikuwa wamebadilisha mizani mara mbili na wote wanaamini waliuziwa vibovu. Niliomba sufuria pana, nikaijaza maji, nikaiweka sakafuni karibu na dirisha. Ilikuwa alasiri, na jua lilipiga maji likarusha duara la mwanga kwenye dari. Duara lilikaa kimya. Kisha likavunjika vipande, likacheza kwa sekunde tatu nne, likarudi. Baada ya dakika, tena. Nilimtuma kijana mmoja achungulie chini. Kila duara lilipovunjika, foklifti ilikuwa inavuka mwanya uleule kwenye sakafu ya chini, mahali ambapo kingo za kiungo zilikuwa zimebomoka na gurudumu linadondoka kama sentimita moja. Tulikuwa bado tumesimama pale stima ikapotea. Jenereta ikanguruma, na lile duara likajaa vikunjo vyembamba ambavyo havikuisha hadi umeme uliporudi. Walijaza kingo za kiungo kwa zege la epoksi, wakaihamishia jenereta kwenye msingi wake wenye springi, na mizani ya kwanza, ile waliyoitupa stoo, ikafanya kazi.

Sufuria si kipimo, na usiiandike kwenye ripoti. Nimekusimulia ili ujue kwamba mara nyingi dawa ya bei nafuu iko kwenye chanzo. Uliza foklifti zitapita wapi. Uliza kompresa inakaa wapi. Uliza pia kipoza hewa, kwa sababu vipuri hupimwa kwa joto la nyuzi 20, kwa hiyo chumba kile lazima kiwe na feni inayofanya kazi mchana kutwa, na nimeona fundi wa vipoza hewa akiitundika kwenye mhimili uleule tuliohangaika kuutuliza.

Kama bado kuna nafasi ya kuuliza swali moja tu kwenye mkutano, liwe hili: kwa nini mashine hii iko orofani? Mara nyingi hakuna sababu. Aliyechora mpangilio alitaka vyumba safi vikae pamoja na ofisi. Mashine ikishuka chini, ikakaa kwenye slabu yake nene iliyotengwa na slabu ya karakana kwa mwanya pande zote, sehemu kubwa ya shida inaisha.

Ila chini nako, hapa kwetu, kunahitaji macho. Sehemu kubwa ya Nakuru imekaa juu ya majivu ya volkeno. Yakiwa makavu yanasimama vizuri, ukichimba unaona kuta zimenyooka, lakini yakilowa yanaweza kushuka ghafla. Bomba moja linalovuja chini ya slabu linatosha. Na bonde letu lina nyufa za ardhini ambazo mvua kubwa huzifungua. Sote tuliona picha za barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilivyokatika Machi 2018. Kwa hiyo usikubali ripoti ya udongo ya kiwanja cha jirani. Wachimbe mashimo palepale mashine itakapokaa, udongo upimwe ukiwa mkavu na ukiwa umelowa. Na kwa kuwa tetemeko la Subukia la Januari 6, 1928, lilikuwa la ukubwa wa karibu 7 na ni katika kaunti hiihii, boliti za kushikilia mashine zikaguliwe kwa msukumo wa kando pia.

Mtengenezaji atakuambia kuna miguu ya springi za hewa. Ni kifaa kizuri na nimekitumia. Lakini springi huzuia mtetemo ulio juu ya mwendo wake wenyewe kwa kama mara 1.4 na kuendelea. Chini ya hapo haizuii, na mtetemo ukikaribia mwendo wake, springi inauongeza. Springi za hewa nyingi hucheza karibu hezi 2 hadi 4, na miguu ya binadamu iko hapohapo. Ukiweka springi laini juu ya sakafu laini, unapata vitu viwili vinavyochezeana. Springi iwe nyongeza juu ya sakafu nzuri.

Jambo jingine ambalo sitaki likupite: hezi pekee hazijibu ile namba ya 25. Ni chujio la kwanza. Baada yake inabidi kukadiria kasi ya mtetemo yenyewe, kwa uzito wa sakafu, ufifishaji na hatua za mtu anayetembea polepole, wastani na haraka, na hiyo ni hesabu ya programu au ya mtu aliyeizoea. Usiifanye peke yako mara ya kwanza. Vilevile usipime kwa simu. Kasi ya maikromita 25 kwa sekunde kwenye hezi 10 ni mchapuko wa chini ya sehemu moja kwa elfu sita ya mvutano wa dunia, na kihisio cha simu kinaweza kutoa kelele yake yenyewe ya kiwango hicho. Utapima simu, si sakafu. Tafuta mtu mwenye jiofoni au kihisio cha mitetemo midogo, apime kiwanja kabla ya ujenzi na sakafu baada yake, stima ikiwepo na jenereta ikiwaka.

Sasa hofu yako ya pili. Katika viwanda vya namna hii, kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Nyumba ya kupangisha unaweza kuichora bila kumjua mpangaji, lakini kiwanda hiki huwezi kukichora bila kuijua mashine. Mwandikie mtengenezaji leo, kwa barua pepe, nakala kwa bosi. Ile 25 ni kilele au ni thamani ya RMS, yaani aina ya wastani wa mtetemo? Ni kwa kila bendi ya marudio, yaani kila kundi la hezi peke yake, au kwa jumla? Inahesabiwa kuanzia hezi ngapi? Uzito wa mwisho wa mashine ni upi, na miguu yake iko wapi? Toleo la karatasi ni la tarehe gani? Majibu mawili tofauti kwa swali la kwanza peke yake yanaweza kubadilisha mhimili.

Na ukipokea toleo jipya, rudi kwenye hesabu hata kama mabadiliko yanaonekana madogo. Mwaka 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, Marekani, vijia vya juu vilianguka na kuua watu 114. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo ndefu za chuma zikipita kutoka darini hadi kijia cha chini. Wakati wa kutengeneza, kila fimbo ilibadilishwa kuwa mbili fupi, ya chini ikining'inia kwenye boriti ya kijia cha juu. Kwenye karatasi tofauti ni ndogo, lakini nati ya kijia cha juu, iliyokuwa ibebe kijia kimoja, sasa ilibeba viwili. Mabadiliko yalipita kwenye michoro bila hesabu mpya.

Kwa bosi wako, usiende na "chuoni hatukufundishwa." Nenda na karatasi moja: mnepo, hezi za sasa, hezi baada ya milimita 50, hezi baada ya nguzo, na mwendo wa jenereta pembeni. Mwambie, "Injinia, nimejaribu pendekezo lako na haya ndiyo matokeo, nisaidie kuona kama nimekosea wapi." Hiyo ni lugha ya heshima na ni ya kweli, kwa sababu inawezekana umekosea. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011 wewe bado ni mhandisi mhitimu na mwenye kutia sahihi ni mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Hilo linakulinda, ila linakudai pia umfikishie unachokijua kwa maandishi. Weka nakala. Hata siku ya kuomba usajili wako, kazi ya namna hii ndiyo utakayoieleza.

Kuna mambo matatu ambayo mimi, nikiwa mbali, siwezi kukusaidia na inabidi mtu afike. Ripoti ya udongo ikionyesha majivu yanayoshuka yakilowa, mhandisi wa udongo aje kiwanjani. Mtengenezaji akithibitisha kwamba 25 ni lazima na mashine haishuki chini, ofisi yenu ilipie mtaalamu wa mitetemo kwa siku chache. Hilo ni gharama ndogo mbele ya bei ya mashine. Na ukiambiwa uandike kwamba sakafu inatimiza masharti wakati hakuna aliyehesabu, usiandike. Mfuate mhandisi mwenye sahihi ana kwa ana, na akikataa kukusikiliza, Bodi ipo.

Kontrakta naye ana ratiba yake na ataagiza zege mapema. Mpigie kesho asubuhi, bosi akiwepo, mwambie tu kipande kile cha chumba cha vipimo kisimame kwanza na sehemu nyingine za orofa ziendelee. Kiungo cha kusimamia zege, yaani mahali umwagaji utakapokomea, kikae pale mhandisi mwenye sahihi atakapopaonyesha kwenye mchoro.